Usingizi wa Dawa na Njia ya Runzewe

Tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston, Marekani, William Morton alimlaza mgonjwa kwa mvuke wa etha, kisu kikapita shingoni pasipo ukelele. Habari ilivuka bahari upesi. Ufundi wenyewe ulikawia sana njiani.

Runzewe, mji wa njia kuu itokayo Isaka kwenda Lusahunga, ulikuwa katika Mkoa wa Shinyanga mpaka 2012, Bukombe ilipotiwa katika mkoa mpya wa Geita. Ni nchi ya dhahabu na mashimo ya wachimbaji wadogo. Aliyefukiwa na kifusi, na mzazi avujaye damu, wote wawili hawana siku ya kungoja safari ya Bugando, Mwanza.

Tanganyika iliyaona haya mapema: mwaka 1963 ilianza kufundisha madaktari wasaidizi, nao baadaye wakawa wapasuaji wa hospitali nyingi za wilaya. Mkono wa kupasua ulipatikana. Wa kulaza ulichelewa. Ketamini, iliyoundwa 1962, ilifaa mno, maana haitaki umeme wala gesi, na aghalabu mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe. Lakini pumzi ikikatika, chupa ya dawa haimpulizii mtu hewa. Hapo hutakiwa muuguzi aliyefunzwa kazi ya usingizi.

Mwaka 2013, Sengerema na Shinyanga zilijaribu mpango wa m-mama, uliotangazwa kwa taifa zima 2022. Hupigwa simu 115. Gari la wagonjwa likikosekana, huitwa dereva wa teksi aliye karibu, na nauli yake hulipwa kwa simu. Teksi humfikisha mama mlangoni pa chumba cha upasuaji. Ndani yapasa awepo wa kumlaza, na wa kumwamsha.