Kufahamu Maneno na Kurudisha Jibu: Malezi ya Mtoto Mdogo Nyumbani katika Nyanda za Juu za Buha

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyemuumba mwanadamu na akamfundisha kubainisha. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, maswahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baad:

Ndugu msomaji, hadithi ya kuwaamrisha watoto kuswali wanapofikia miaka saba, aliyoipokea Abu Daud, inajulikana na kila mzazi wa Kiislamu. Kwa kuwa inajulikana sana, wengi wetu tumeielewa kana kwamba kazi ya malezi huanzia hapo. Mtoto wa miaka miwili, mitatu au mitano tunamwona bado: anakula, analala, anacheza, basi. Atakapokuwa mkubwa maalimu atamfundisha dini na mwalimu wa shule atamfundisha kusoma. Katika makala haya tutaitazama miaka hiyo ya mwanzo kwa jicho la historia na fiqhi, na mfano wetu utakuwa nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, yaani Kasulu na Kibondo, mahali ambapo mtoto wa Kiislamu hukutana na lugha tatu kabla hajamaliza meno ya utotoni.

MIAKA MITANO KWA WANACHUONI WA HADITHI

Imam Bukhari, katika Kitabu cha Elimu cha Sahihi yake, ameweka mlango unaouliza ni wakati gani usikivu wa mtoto mdogo unasihi. Chini yake ameleta habari ya Mahmud bin Rabii (r.a.), aliyesema kuwa anakumbuka Mtume (s.a.w.) alivyomtemea usoni maji aliyoyachukua kinywani kutoka kwenye ndoo, naye Mahmud akiwa na miaka mitano. Lilikuwa tendo la mzaha na mapenzi kwa mtoto. Mtoto yule akakua, akazeeka, na kumbukumbu ile ikawa hoja ya kielimu kwa umma mzima.

Kutokana na habari hiyo, wapokezi wa hadithi walizoea kuandika kuwa mtoto wa miaka mitano "amesikia", na aliye chini ya hapo kuwa "amehudhuria". Lakini Ibn Salah (aliyefariki mwaka 643 Hijria, sawa na 1245), katika Muqaddima yake mashuhuri, hakutosheka na hesabu ya miaka. Alieleza kuwa sahihi ni kumtazama kila mtoto kwa hali yake. Akiwa anafahamu anachoambiwa na anaweza kurudisha jibu, usikivu wake unasihi hata akiwa chini ya miaka mitano. Kama hafahamu wala hajibu, hausihi, hata akiwa na miaka hamsini.

Mafaqihi nao, akiwemo Imam Nawawi, wamekitumia kipimo hicho kumweleza mtoto mumayyiz: ni yule anayefahamu maneno na kurudisha jibu. Tuzingatie jambo hili vizuri. Tamyizi, ambayo hukumu nyingi zimejengwa juu yake katika ibada, katika ulezi wa mtoto baada ya wazazi kuachana na katika mengineyo, imepimwa kwa mazungumzo. Hawakusema mumayyiz ni anayejua herufi wala anayehesabu hadi mia. Na uwezo wa kufahamu na kujibu haumshukii mtoto kutoka mbinguni siku anayotimiza miaka saba. Hujengwa kidogo kidogo, na hujengwa na wale anaoamka nao na kulala nao.

MTUME (S.A.W.) NA WATOTO WADOGO

Tukirejea katika sira tunaona jinsi ujenzi huo ulivyofanyika. Anas bin Malik (r.a.) ameeleza kuwa alikuwa na mdogo wake aliyeitwa Abu Umayr, mwenye kindege alichokuwa akicheza nacho. Mtume (s.a.w.) alipofika kwao alikuwa akimwuliza mtoto huyo habari za kindege chake, kwa maneno yenye vina vinavyolingana na jina lake. Hadithi iko kwa Bukhari na Muslim. Kiongozi wa umma ameingia nyumbani kwa watu na anazungumza na mtoto juu ya jambo linalomshughulisha mtoto mwenyewe, kwa sauti inayopendeza masikioni mwake, tena kwa kuuliza swali linalohitaji jibu.

Alimbeba mjukuu wake Umama akiwa katika swala. Alifupisha swala aliposikia kilio cha mtoto, kwa kumhurumia mama yake. Kilio nacho ni maneno ya asiyejua kusema, na Mtume (s.a.w.) alikisikia akiwa imamu mbele ya safu. Na Umar bin Abi Salama, mtoto aliyelelewa nyumbani mwake, alipokuwa mkono wake ukizunguka sahani nzima, alielekezwa kwa maneno machache ya upole: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, ale kilicho mbele yake. Mambo matatu, katika sahani moja, wakati ule ule wa kula. Hilo ndilo darasa la nyumbani.

Tena yuko Amr bin Salama (r.a.), ambaye kabila lake lilikaa penye maji ambapo wasafiri walikuwa wakipita. Mtoto huyu aliwasikiliza wasafiri, akahifadhi Qur'ani walizokuwa wakizisoma. Watu wake waliposilimu baada ya kufunguliwa Makka, walimtafuta aliyehifadhi zaidi, wakamkuta ni yeye, wakamtanguliza kuwaswalisha naye ana miaka sita au saba. Nguo yake ilikuwa fupi, wakamnunulia kanzu, na akasema hajapata kufurahia kitu kama alivyoifurahia kanzu ile. Mashafii wameitumia hadithi hii kujuzisha uimamu wa mtoto mumayyiz, na wengine hawakuichukua katika swala za faradhi. Sisi hapa tunataka funzo jingine: mtoto yule hakuwa na madrasa. Alikuwa na watu wazima wasiomfukuza walipokuwa wakizungumza.

LUGHA YA NYUMBANI KATIKA BUHA

Buha nayo ni njia ya wasafiri. Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858, walikuta wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili wamekwisha kuutambua mji huo. Ujiji ukawa mji wa Kiswahili na wa Uislamu ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Lakini nyanda za juu, kwenye tawala za Heru na jirani zake, zilibaki na mambo yao: ng'ombe, mashamba, na lugha ya Kiha ambayo ni jamaa ya karibu ya Kirundi. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Chini ya utawala wa Waingereza, vijana wengi wa Buha walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, wale walioitwa manamba. Wapo waliorejea na Kiswahili vinywani, na wapo waliorejea na shahada.

Kwa hiyo katika nyumba nyingi za Waislamu wa Kasulu na Kibondo dini ilikuja pamoja na Kiswahili, na Qur'ani ikaja kwa Kiarabu, ilhali bibi, mama na jiko vilibaki katika Kiha. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia shule za msingi, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ikaitambua rasmi elimu ya awali, nayo kwa Kiswahili. Mtoto wa miaka mitano akawa anaamka katika Kiha, asubuhi anakaa darasani katika Kiswahili, jioni anakaa chuoni mbele ya herufi za Kiarabu.

Kisha ukaja mtihani wa wakimbizi. Baada ya kuuawa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi Oktoba 1993, watu walivuka mpaka kwa wingi. Kasulu ikawa na kambi za Mtabila na Muyovosi, na tangu 1996 Nyarugusu kwa ajili ya Wakongo. Kibondo ikawa na Kanembwa, Nduta, Mtendeli na nyinginezo. Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012, na mwaka 2015 Nduta ikafunguliwa tena kwa wimbi jipya. Shule za kambini zilifuata mitaala ya nchi walizotoka, yaani Kirundi na Kifaransa kwa Warundi. Mtoto wa kambini aliweza kukosa nyumba, shamba na hata baba, lakini mama aliyebaki naye alikuwa na kitu kimoja ambacho hakikuachwa mpakani: ulimi wake.

KOSA LA KUNYAMAZA NA KOSA LA BAKORA

Wapo wazazi wanaodhani kuwa Kiha ni ushamba na kwamba kitamchelewesha mtoto. Mama asiyekimudu Kiswahili anaogopa kumharibu mwanawe, basi ananyamaza. Anatoa amri tu: njoo, kaa, acha. Mtoto anafika kwa maalimu akiwa na maneno machache katika lugha zote. Akiulizwa hajibu, na asipojibu anadhaniwa ni mkaidi. Hapo bakora inaingia kazini.

Ibn Khaldun (aliyefariki 808 Hijria, sawa na 1406) ameonya katika Muqaddima kuwa ukali kwa wanafunzi, hasa wadogo, huwaharibu: humwondolea mtoto uchangamfu na kumfundisha uvivu, uongo na hila. Naye ametaja rai ya Kadhi Abu Bakr Ibn al-Arabi wa Andalusia, kwamba mtoto atangulizwe kufundishwa lugha ndipo aingie katika Qur'ani, ili aelewe anachokisoma. Ibn Khaldun aliisifu rai hiyo, ila akasema desturi za watu hazikuikubali, kwa kutaka baraka na kwa kuchelea mtoto asikose Qur'ani akikua. Nasi hatusemi mtoto acheleweshewe Qur'ani. Tunasema nyumba iifanye kazi ya lugha mapema, ili maalimu akute ardhi iliyolimwa. Na Imam Ghazali (aliyefariki 505 Hijria, sawa na 1111), katika Ihya, amemwita mtoto amana kwa wazazi wake, na amesema aruhusiwe kucheza baada ya masomo, kwani kumnyima mchezo kunaufisha moyo wake.

HUKUMU NI YA NANI, NA KWA LUGHA GANI?

Imam Nawawi (aliyefariki 676 Hijria, sawa na 1277), katika utangulizi wa Al-Majmuu, amenukuu kutoka kwa Imam Shafii na wafuasi wake kuwa ni juu ya akina baba na akina mama kuwafundisha watoto wao wadogo yale yatakayowawajibikia baada ya kubaleghe, kama tahara na swala, na kuwajulisha maovu ya kuepukwa. Mama ametajwa pamoja na baba. Basi baba hawezi kusema malezi ya wadogo ni kazi ya wanawake, wala mama hawezi kuambiwa hana elimu ya kufundishia.

Ama lugha, Surat Ibrahim aya ya 4 inatujulisha kuwa kila Mtume alitumwa kwa lugha ya watu wake ili awabainishie, na Surat Ar-Rum aya ya 22 inazihesabu tofauti za lugha zetu katika ishara za Mwenyezi Mungu. Nguzo za maneno katika swala, kama takbira, Fatiha na tashahudi, ni za Kiarabu na lazima mtoto azoeshwe. Lakini kumweleza Mola wake ni nani, kwa nini tunasema kweli, kwa nini tunaosha mikono, hakuna dalili inayokataza kufanywa kwa Kiha au Kirundi. Wanachuoni wa pwani walifanya vivyo hivyo kwa Kiswahili. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alitoa gazeti la Al-Islah kwa Kiswahili mwaka 1932, na tafsiri ya Qur'ani ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy ilitoka mwaka 1969. Anayekidharau Kiha leo akumbuke kuwa Kiswahili nacho kilikuwa lugha ya jikoni kwa watu fulani.

Mfano wa karibu wa kuunganisha mambo haya ni shule za awali za madrasa zilizoanzia Mombasa mwaka 1986 kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan, Bi Swafiya Said akiwa mbele katika kuwafunza walimu, kisha zikaenea Zanzibar na Uganda. Humo dini, michezo, hadithi na vifaa vya mazingira ya mtoto viliwekwa pamoja. Na Serikali ya Tanzania ilipozindua Desemba 2021 programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyahesabu malezi yenye mwitikio na ujifunzaji wa awali kuwa ni katika nguzo zake. Mwitikio ndio ule ule: kusema na kujibiwa.

TUFANYE NINI MAJUMBANI?

1. Tuzungumze na mtoto tangu uchangani, kwa lugha tunayoijua vizuri. Mama aliyembeba mgongoni shambani amtajie anachokifanya: hili ni harage, huu ni mgomba, mvua inakuja.

2. Tumwulize, kisha tusubiri. Mtoto anahitaji muda wa kutafuta neno. Tusimjibie.

3. Tutumie kazi za nyumbani. Kuchambua maharage kunafundisha rangi, ukubwa na kuhesabu. Kutawadha kunafundisha viungo vya mwili, kulia na kushoto, na mpangilio.

4. Usiku tusimulie visa vya Mitume, tutege vitendawili, na tumwachie mtoto naye asimulie.

5. Tutangulize shahada, Bismillahi na Alhamdulillahi katika matukio yake ya kila siku. Ibn al-Qayyim, katika Tuhfatul Mawdud, amehimiza watoto wanapoanza kusema wafundishwe neno la tauhidi.

6. Mtoto anayechelewa sana kusema, au asiyegeuka anapoitwa, apelekwe zahanati asikilizwe masikio. Tusiseme ni mkaidi, wala tusisubiri hadi aanze shule.

7. Maimamu wasiwafukuze watoto misikitini, na maalimu wajifunze walau maamkizi ya Kiha ili mtoto apate pa kuanzia.

Luqman alimwita mwanawe kwa neno la mapenzi kabla ya kumwusia tauhidi, na Qur'ani imeyahifadhi mazungumzo yale ya baba na mwana hadi Siku ya Kiyama. Tumwombe Mwenyezi Mungu atujaalie watoto wanaofahamu maneno na kurudisha jibu lililo jema, duniani hapa na siku watakapoulizwa kaburini juu ya Mola wao. Amin.

Wallahu aalam, wabillahi tawfiq.