Santuri za Wazee Wetu na Amana ya Fundi

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alisafiri na wenzake hadi Bombay, na sauti zao zikanaswa na kampuni ya His Master's Voice. Siti alifariki mwaka 1950, lakini sauti yake ingalipo. Ni wachache wajuao kwamba imetufikia kwa kazi ya kuchovya madini.

Zama hizo sauti ilichorwa juu ya nta. Nta ikapakwa unga upitishao umeme, ikatiwa katika maji yenye chumvi za shaba, na umeme ukaijengea ganda la shaba lenye kila mkwaruzo wa sauti. Kwa ganda hilo zikatengenezwa kalibu za kupigia chapa sahani.

Mashine nazo zilichovywa. Elkington wa Uingereza alipata hataza ya kuchovya fedha na dhahabu kwa umeme mwaka 1840. Nikeli ilienea baada ya hataza ya Isaac Adams wa Marekani, mwaka 1869. Kromu haikuingia sokoni ila katika miaka ya 1920. Basi, ndugu msomaji, mkono na kichwa cha sindano cha santuri ya mwaka 1910 vina weupe wa nikeli, wenye umanjano kidogo. Fundi akikurudishia weupe wa kromu, wenye ubuluu, amekupa kitu kingine.

Tena nikeli ya kuchovya ni nyembamba mno. Haizibi shimo wala haifichi mkwaruzo. Kazi kubwa ni ya kabla: kuondoa nikeli kuukuu, kutoa kutu, kusugua na kuosha mafuta. Mvivu huchovya juu ya uchafu. Siku ya kwanza chombo hung'aa. Upepo wa bahari ukishakipata, huvimba na kubanduka. Mwenye pupa naye husugua hata meno ya skrubu na jina la mtengenezaji yakafutika, na hayo hayarudi. Baadhi ya vipande ni vya zinki, ambayo huliwa na tindikali. Hivyo hutangulizwa shaba. Shaba hiyo mara nyingi huchovywa kwa sianidi, sumu kali. Asithubutu mtu kuifanyia nyumbani.

Aliye Kamsamba, bondeni Rukwa, au kisiwani, huenda akalazimika kupeleka vipande mji wa mbali. Na avihesabu, avipige picha, kisha apeleke kimoja kidogo kwanza. Amwulize fundi: utaanzaje kukisafisha? Utachovya nikeli au kromu? Jina lililochorwa utalihifadhi vipi? Ajibuye kwa utulivu, na kukiri kwamba kipande fulani hakifai kuchovywa, huyo ana amana. Aahidiye kila kitu kwa kesho ni wa kuogopwa.

Dhahiri ya chombo huonwa na kila mpitaji. Batini yake huijua fundi peke yake. Hapo ndipo uaminifu wake hupimwa, na hapo ndipo urithi wa wazee hupona au hupotea.