Kutoka Muhimbili hadi Mbagala: Safari ya Aliyevunjika Mgongo



Wazee wetu walimjua aliyeanguka kutoka mnazini. Sisi tunamjua aliyeanguka na bodaboda. Uti wa mgongo ukiumia vibaya, wote wawili hupatwa na yale yale: miguu haina nguvu, ngozi haisikii, mkojo hauna mwenyewe. Zamani mtu huyo alilazwa chumba cha uani, na mara nyingi hakudumu.

Haikuwa kwetu tu. Hata Uingereza, hadi Vita Kuu ya Pili, wengi wa majeruhi hao walikufa kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo. Mwaka 1944 Dk. Ludwig Guttmann, mkimbizi kutoka Ujerumani, alifungua kitengo chao katika hospitali ya Stoke Mandeville. Aliagiza wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, kisha wafanye mazoezi, wajifunze kujihudumia na warudi kazini. Tarehe 29 Julai 1948 wagonjwa 16 walishindana kulenga mishale wakiwa kwenye vitimwendo. Hapo ndipo ilipochipuka Michezo ya Paralimpiki.

Hapa nchini, chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, kilianza Moshi mwaka 1981. CCBRT, ambayo jina lake limebeba utengamao katika jamii, ilianza mwaka 1994. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) iliundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Leo mgonjwa wetu hupata upasuaji na fiziotherapia bila kutoka nje ya mkoa.

Lakini akisharuhusiwa, kazi huhamia nyumbani. Tupige hesabu: kila saa mbili ni mara 12 kwa siku, mara 4,380 kwa mwaka. Dawa hiyo haiuzwi dukani. Ni mikono ya mama, mke au mume, na watoto. Wakichoka, kidonda huanza. Na siku ya kliniki kitimwendo hukwama mchangani, kisha kupanda daladala ni shughuli nyingine.

Ndiyo maana harambee ya mwaka huu ina mafungu matatu: nauli za kliniki, magodoro na mito ya kuzuia vidonda, na mafunzo kwa ndugu wanaouguza. Tuwapokee kazi waliochoka. Kila mchango utakatiwa stakabadhi, na hesabu zitasomwa mbele yenu kwenye mkutano mkuu.