Sanaa ya Sanamu kwa Watoto Wadogo: Kutoka Udongo hadi Picha Zinazotembea

Watoto wengi nchini Tanzania huanza kuunda maumbo kabla ya kujua kusoma. Hufinyanga ng'ombe kwa udongo, hutengeneza magari kwa waya na vifuniko vya chupa, na hujenga nyumba za mchanga. Kazi hizo, ambazo mara nyingi huhesabiwa kuwa michezo tu, ndizo msingi wa sanaa ya sanamu, yaani sanaa ya maumbo yenye urefu, upana na kina.

Sanaa hiyo ina mizizi mirefu nchini. Wachongaji wa Kimakonde wanafahamika duniani kwa vinyago vya mpingo, hususan mtindo wa ujamaa unaoonesha watu wengi walioshikamana katika gogo moja. Kinyago cha aina hiyo hakieleweki kwa kutazamwa upande mmoja. Mtazamaji hulazimika kukizunguka. Hilo ndilo somo la kwanza la sanamu, na picha ya kitabuni pekee haitoshi kulifundisha.

Hata hivyo, mpingo huhitaji tezo na patasi, zana zisizofaa mikono ya mtoto wa miaka mitano. Mchongaji hupunguza gogo hadi umbo lijitokeze, ilhali mtoto hufaa kuanza kwa kuongeza: kupanga vipande vya mbao, kuunganisha maboksi na kufinyanga. Pasipo na udongo wa mfinyanzi, vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi na kimoja cha maji hutoa donge linalofinyangika vizuri. Mwalimu ampe mtoto nafasi ya kugundua mwenyewe kwamba miguu myembamba haibebi mwili mzito, kwa kuwa sanamu inayoanguka humfundisha uwiano kuliko maelezo marefu.

Hatua inayofuata ni uhuishaji wa picha mnato. Sanamu hupigwa picha, husogezwa kidogo, kisha hupigwa picha nyingine. Picha hizo zikioneshwa mfululizo kwa kasi, mtazamaji huona sanamu ikitembea. Mbinu hii ilitumika katika filamu ya King Kong ya mwaka 1933, na baadaye katika filamu za Wallace na Gromit za Nick Park wa Uingereza, ambazo wahusika wake hufinyangwa.

Darasani, simu moja yenye programu ya uhuishaji inatosha. Simu ifungwe imara juu ya rundo la vitabu au kigoda, isitikisike, na mwanga usibadilike. Kwa watoto wadogo, picha sita kwa sekunde zinatosha. Hivyo filamu ya sekunde 10 huhitaji picha 60. Watoto wagawane kazi: mmoja asogeze sanamu, mwingine apige picha, wa tatu ahesabu, kisha wabadilishane.

Faida yake kisanaa ni kwamba mtoto anayetaka ng'ombe wake ageuke hulazimika kufikiria mgongo, ubavu na mkia, sehemu ambazo angeziacha kama angefinyanga upande wa mbele pekee. Aidha, hujifunza kuwa umbo hubadilika: donge laweza kuwa yai, kisha kifaranga, kisha kurudi kuwa donge. Sanamu ikivunjwa, filamu hubaki, na udongo hutumika tena.

Usalama uzingatiwe. Vipande vidogo viwekwe mbali na watoto wa chini ya miaka mitatu, donge la unga lisiliwe kutokana na wingi wa chumvi, ncha za waya zikunjwe, na picha zinazoonesha nyuso za watoto zisisambazwe bila ridhaa ya wazazi.

Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Urithi wa uchongaji utaendelea kupata warithi iwapo wazazi na walimu watauthamini mchezo wa udongo mapema, kwa vifaa ambavyo tayari vipo nyumbani na shuleni.