Jeraha Lipo, Karatasi Haipo

Mzee mmoja wa jimbo la Minnesota, Marekani, aliishi na kipande cha chuma pajani kwa zaidi ya miaka 70. Kilimwingia Juni 1951 huko Korea, siku kikosi chake kilipokuwa kinapanda kilima huku makombora ya adui yakiwanyeshea. Tabibu wa kikosi alimfunga bandeji palepale, vita vikaendelea. Hakuna aliyeandika kitu. Huenda tabibu yule aliuawa kabla hajapata hata nafasi ya kushika kalamu. Kijana akarudi kwao, akalea familia, akazeeka, na habari za Korea hakuzipenda kuzisimulia. Mabinti zake ndio waliomsukuma, akiwa uzeeni kabisa, aombe medali yake ya jeraha.

Akaomba. Jeshi likamjibu kwamba ushahidi hautoshi. Lilitaka karatasi ya wakati ule inayoonyesha kwamba alitibiwa, au maneno ya wenzake walioshuhudia. Wenzake gani? Waliopanda naye kile kilima, wengine walilala hukohuko, na waliorudi walikwisha kuzikwa mmoja mmoja katika miji yao. Kovu lilikuwepo, chuma kilikuwepo, maumivu ya mguu yalikuwepo. Kilichokosekana ni mstari mmoja wa wino wa mwaka 1951.

Medali yenyewe ni Purple Heart, yaani Moyo wa Zambarau: kipande chenye umbo la moyo, kingo za dhahabu, katikati zambarau, na sura ya George Washington ikitazama upande. Utepe wake nao ni wa zambarau wenye kingo nyeupe. Asili yake ni amri aliyoitoa Washington tarehe 7 Agosti 1782, jeshi lake likiwa limepiga kambi Newburgh, New York. Kwa msomaji wa Nairobi na Dar es Salaam tarehe hiyo ina kidonda chake, kwa sababu ndiyo siku mabomu yalipolipuka kwenye balozi mbili za Marekani mwaka 1998 na kuua zaidi ya watu 200, wengi wao wananchi waliokuwa kwenye shughuli zao. Wamarekani huiadhimisha siku hiyohiyo kila mwaka kuwa siku ya Moyo wa Zambarau.

Washington hakukusudia jeraha. Alitaka kumtuza askari wa kawaida aliyefanya jambo la kishujaa, katika zama ambazo heshima ilikuwa ya maofisa. Askari huyo angeshonewa kifuani kitambaa cha zambarau chenye umbo la moyo, na jina lake lingeingizwa katika kitabu maalumu. Wanaojulikana kwa hakika kuwa walipewa alama hiyo ni masajini watatu tu, wote wa Connecticut. Kile kitabu cha majina hakijaonekana mpaka leo. Kwa hiyo medali hii ilianza maisha yake kwa kumbukumbu kupotea, na nadhani ndugu za askari wengi waliokuja baadaye wangesema haijaacha tabia hiyo.

Alama hiyo ilisahauliwa karibu miaka 150. Tarehe 22 Februari 1932, Wamarekani wakisherehekea miaka 200 tangu Washington azaliwe, Jenerali Douglas MacArthur aliifufua, na safari hii ikafungwa na jeraha. Waliojeruhiwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia waliruhusiwa kuiomba. Tangu mwaka 1942 imekuwa ya majeruhi na waliouawa, na katika majeshi yote, si ya nchi kavu peke yake.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Medali za ushujaa lazima mkubwa akupendekeze, kisha wakubwa zaidi wapime kama ushujaa wako unatosha. Moyo wa Zambarau haupendekezwi. Ukijeruhiwa na adui, ukatibiwa na tabibu, na tiba ikaandikwa, ni haki yako. Hakuna wa kupima ulikuwa jasiri au ulikuwa unatetemeka shimoni. Lakini vipengele vyote vitatu lazima vikamilike, na cha tatu ndicho kilichowatesa watu wengi. Jeraha humfika askari, ila kuliandika ni kazi ya mtu mwingine, ambaye siku hiyo naye anapigwa risasi.

Kisa kinachoonyesha hivyo kuliko chochote ni cha Henry Johnson, mtu mweusi mzaliwa wa North Carolina, mchukuzi wa mizigo katika stesheni ya treni ya Albany, New York. Juni 1917 alijiandikisha katika kikosi cha weusi kilichokuja kuitwa Rejimenti ya 369. Jeshi la Marekani lilikuwa likiwatenga weusi na weupe, kwa hiyo kikosi hicho kikakabidhiwa kwa Wafaransa. Wakavaa kofia za chuma za Kifaransa, wakashika bunduki za Kifaransa, wakaenda mstari wa mbele.

Usiku wa kuamkia 15 Mei 1918, Johnson na mwenzake Needham Roberts walikuwa lindoni ukingoni mwa msitu wa Argonne. Gizani wakasikia sauti ndogo, koleo zikikata seng'enge. Walikuwa Wajerumani, wasiopungua 12. Roberts akajeruhiwa vibaya mapema. Johnson akarusha mabomu ya mkono mpaka yakaisha, akashika bunduki, na katika haraka ile akasukumia ndani risasi za Kimarekani katika bunduki ya Kifaransa. Ikakwama. Akaishika kwa mtutu, akaifanya rungu mpaka kitako kikavunjika. Alipotazama, Wajerumani walikuwa wanamburura Roberts wamchukue mateka. Johnson akachomoa panga, akawaingilia, akamwokoa mwenzake. Maadui walipokimbia, mwilini alikuwa na majeraha 21, na mguu wake wa kushoto haukurudi tena kuwa kama zamani.

Wafaransa walimtunuku Croix de Guerre, nishani yao ya ushujaa vitani. Magazeti yakamwandika. Tarehe 17 Februari 1919 rejimenti yake ilipoandamana New York katika barabara ya Fifth Avenue, Johnson alipitishwa katika gari la wazi akipungia umati mkono. Jeshi lenyewe lilitumia jina lake kuhamasisha wananchi wanunue stempu za kuchangia vita. Kuanzia Paris hadi Harlem, habari za majeraha yake zilijulikana.

Cheti chake cha kuachishwa jeshi hakikutaja jeraha hata moja.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi na bado inaniuma. Karani mmoja, dawati moja, nafasi moja iliyoachwa wazi, na mtu aliyepigwa mara 21 akatoka jeshini kwenye karatasi akiwa mzima. Kwa mguu ule hakuweza kurudia kazi yake ya mizigo kama zamani. Kumbukumbu zilizopatikana baadaye zinaonyesha kwamba mwaka 1927 serikali ilimtambua kuwa hajiwezi tena kabisa, lakini kwa sababu ya kifua kikuu. Alifariki Julai 1929, hajafikisha makamo, karibu miaka mitatu kabla medali ya jeraha haijafufuliwa. Hakuwepo kuiomba. Miaka mingi waliomtafuta waliamini amelazwa katika kaburi la maskini huko Albany, kumbe alizikwa kwa heshima katika makaburi ya taifa ya Arlington. Hilo nalo lilikuwa limeandikwa mahali, na kwa zaidi ya miaka 70 hakuna aliyelifunua.

Moyo wa Zambarau alipewa mwaka 1996, miaka 78 baada ya usiku ule. Tarehe 2 Juni 2015 Rais Barack Obama akamtunuku Medali ya Heshima, iliyo kubwa kuliko zote. Iliyosaidia kufungua mlango huo ilikuwa karatasi pia: taarifa ya Mei 1918 kutoka kwa Jenerali Pershing, kamanda wa majeshi ya Marekani Ulaya, iliyosimulia pigano lile siku chache tu baada ya kutokea. Ilikuwa imelala miaka yote hiyo ikingoja mtu aitafute.

Walioacha karatasi zao mikononi mwa serikali walipatwa na jingine. Usiku wa tarehe 12 Julai 1973 moto ulizuka ghorofa ya 6 ya jengo la kuhifadhi kumbukumbu za wanajeshi karibu na St. Louis, Missouri. Ulichukua siku kadhaa kuzimwa. Majalada kati ya milioni 16 na 18 yaliteketea. Kwa askari wa nchi kavu walioacha jeshi kati ya 1912 na 1960, takriban asilimia 80 ya majalada yao yalikwenda na moto, na hapo ndipo penye Vita vya Kwanza, vya Pili na vya Korea. Hapakuwa na nakala. Hapakuwa na hata orodha ya kusema kilichokuwemo ni nini. Yaliyosalia mengine yalilowa maji ya wazima moto na kuanza kuota ukungu, ikabidi yakaushwe kwa mitambo. Mpaka leo watumishi wa pale huyafunua kwa uangalifu mkubwa, kurasa zenye kingo nyeusi, jina likisomeka na tarehe ikiwa imeliwa na moto.

Tangu hapo mzee anayeomba medali hulazimika kuzungukia njia za pembeni. Kuna taarifa za kila asubuhi za kikosi, zilizoorodhesha nani yupo, nani mgonjwa, nani hajarudi. Kuna barua aliyomwandikia mama yake kutoka hospitali. Mwaka 1988 ziligunduliwa tepu za kompyuta zilizotokana na kadi za waliolazwa katika hospitali za kijeshi wakati wa Vita vya Pili na vya Korea, mamilioni ya watu, ila zimepangwa kwa namba za askari, si kwa majina. Asiyekumbuka namba yake ana kazi ngumu. Njia zote zikishindikana hubaki bodi ya kusahihisha kumbukumbu za jeshi. Kwa kawaida maombi yanatakiwa yafike ndani ya miaka 3 tangu kosa ligunduliwe, lakini bodi ina mamlaka ya kuupuuza muda huo kwa ajili ya haki, na hilo hulifanya mara nyingi.

Kuna watakaosema Jeshi lina haki ya kuwa gumu, maana wapo wanaodai visivyo vyao. Wapo kweli. Lakini medali hizi hazijawahi kuwa haba. Wakati wa kujiandaa kuivamia Japani mwaka 1945 zilitengenezwa nyingi mno, na vita vilipokwisha bila uvamizi ule, takriban 500,000 zikabaki ghalani. Zilitosha kugawiwa Korea na Vietnam na kusalia nyingine. Nchi ilikuwa na medali tayari kwenye sanduku na majeruhi mlangoni. Kwa maoni yangu, moto ulipounguza ushahidi uliokuwa chini ya ulinzi wa serikali, mzigo wa kuthibitisha ulipaswa kuhamia kwa serikali, na mzee aaminiwe mpaka ipatikane sababu ya kutomwamini.

Yule mzee wa Minnesota hakukubali jibu la kwanza. Mwaka 2023 alilipeleka Jeshi mahakamani, seneta wa jimbo lake akamsemea, jalada likafunguliwa upya. Mwaka 2024, akiwa na miaka 97, alivishwa Moyo wa Zambarau mbele ya watu wake.

Askari wetu wa Keya, yaani jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliopigana Burma mwaka 1944, wakivuka bonde la Kabaw kwenye tope na malaria, hawakuwa na medali ya namna hii ya kuomba. Waingereza hawakuwa nayo; kwao aliyejeruhiwa alivaa kijistari mkononi, basi. Lakini majeraha yalikuwa yaleyale, na karatasi zao ndogo za kuachishwa jeshi bado zimo katika masanduku ya mabati huku kwetu, pwani na bara, zinaliwa na mchwa. Kama nyumbani kwenu kuna moja, ipige picha pande zote mbili, isome namba ya askari kwa sauti na uinakili mahali pengine. Na kama kuna mzee wa vita vyovyote aliye hai, muulize jina la aliyemfunga bandeji, uliandike pamoja na tarehe ya leo.