Alama za Mtihani na Moyo wa Mhudumu

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, hodi hupigwa mlangoni kwangu hapa Irente. Wazazi huja na watoto wao tuombe pamoja, na wengine huniomba barua ya kuthibitisha tabia njema. Mwaka mmoja mama mmoja, mkulima wa karoti, aliniuliza: "Baba Mchungaji, hao wanaochagua madaktari, mbona hutazama alama tu? Nilipompeleka mume wangu hospitali, daktari hakumwangalia hata usoni."

Swali lake ni la zamani. Milima yetu ya Usambara ililijibu kwa namna yake kule Lutindi. Mwaka 1896 palifunguliwa pale makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Miaka michache baadaye yakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, ambayo ipo hadi leo. Waliowatunza mwanzoni walikuwa mashemasi kutoka Bethel, Ujerumani, mahali palipoanzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya wenye kifafa. Hawakuwa madaktari. Utunzaji waliujua kwa kuishi na wagonjwa na kufanya kazi pamoja nao.

Sisi wahubiri hupenda mfano huo, tukidokeza kwamba moyo unatosha. Hautoshi. Kipimo cha dawa kikikosewa, huruma haimrudishi mgonjwa.

Taifa nalo lilitoa jibu. Novemba 1974 TANU ilipitisha Azimio la Musoma. Kijana wa kidato cha sita hakwenda tena chuo kikuu moja kwa moja. Baada ya Jeshi la Kujenga Taifa alipaswa kufanya kazi walau miaka miwili, kisha apate mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Sharti hilo liliwagusa pia waliotaka kusomea udaktari Muhimbili. Nia ilikuwa njema: anayetaka kuwahudumia watu aonekane kwanza akiishi nao. Lakini haukupita muda mrefu likaanza kulegezwa, kwanza kwa wanawake, maana idadi yao chuoni ilishuka. Leo mwombaji wa shahada ya udaktari hupimwa hasa kwa ufaulu wake wa Fizikia, Kemia na Biolojia.

Je, tumerudi nyuma? Nami naungama jambo. Barua za tabia njema nimeziandika nyingi, na zote zinafanana. Sijawahi kuandika kwamba mtoto wa mzee wa kanisa ana kiburi. Kama nafasi za udaktari zingegawiwa kwa barua zangu, mtoto wa yule mama wa karoti, asiyejulikana na mkubwa yeyote, angebaki nje. Mtihani haujui baba yake ni nani. Hiyo nayo ni haki, na Mungu anaipenda haki.

Nabii Samweli alipofika nyumbani kwa Yese alivutiwa na kimo cha Eliabu, akadhani ndiye. Bwana alimkemea, kwa kuwa Yeye hutazama moyo. Tunasahau kwamba aliyekosea pale alikuwa nabii. Ikiwa Samweli hakuuona moyo kwa macho, kamati ya watu watano itauonaje kwa mahojiano ya nusu saa?

Basi mlangoni tuuachie mtihani kazi yake, nasi tufanye yetu. Moyo wa mhudumu hulelewa, na hulelewa kando ya mgonjwa, kama ilivyokuwa Lutindi. Kati ya mtihani wa mwisho na kufunguliwa kwa vyuo kuna miezi kadhaa. Hapa Irente tuna makao ya watoto yatima na shule ya wasioona. Siku hizi kijana akija kuniomba barua, namwomba kwanza akahudumu huko mwezi mmoja. Siandiki kwamba ana moyo mwema. Naandika alichofanya.

Wengine hawarudi kuichukua barua. Binti wa yule mama alirudi.