Mekatroniki: Uhandisi wa mashine inayojirekebisha

ABIRIA anayeshuka katika uwanja wa ndege wa Manda, Kaunti ya Lamu, hana budi kupanda mashua ili avuke mkono wa bahari unaokitenga kisiwa hicho na mji wa Lamu. Akimtazama nahodha kwa makini katika safari hiyo fupi, ataona jambo ambalo wanafunzi wa uhandisi hulisomea kwa mihula kadhaa.

Nahodha hashiki usukani na kuuacha ulivyo. Hutazama omo imeelekea wapi, hulinganisha na gati anakokwenda, kisha hurekebisha. Mkondo ukikisukuma chombo kando, hukirejesha kwa kadiri, kwani akizidisha kitapitiliza upande wa pili, na akikawia kitazidi kupotoka. Wahandisi huuita mzunguko huo mrejesho: kupima, kulinganisha na lengo, kusahihisha, kisha kupima tena.

Ulinganisho huu haukubuniwa kwa ajili ya makala haya. Mwaka 1922, Nicolas Minorsky, mhandisi mzaliwa wa Urusi aliyefanya kazi Marekani, alichapisha nadharia ya kuongoza meli bila mkono wa mtu, na aliijenga kwa kuwachunguza washika usukani. Aligundua kuwa mshika usukani hodari haangalii tu chombo kimepotoka kiasi gani wakati huo. Hukumbuka pia kimekuwa kikipotoka kwa muda gani, na huhisi kinapotoka kwa kasi gani. Hesabu ya mambo hayo matatu ndiyo inayoendesha sehemu kubwa ya vidhibiti vya viwandani hadi leo.

Mekatroniki ni tawi la uhandisi linaloipa mashine uwezo huo wa nahodha. Neno lenyewe lilibuniwa Japani mwaka 1969 na Tetsuro Mori, mhandisi wa kampuni ya Yaskawa, kwa kuunganisha mekanika na elektroniki. Tangu hapo fani hii imepanuka, ikajumuisha programu za kompyuta na nadharia ya udhibiti. Vifaa vinavyopima joto, presha au mwendo tutaviita vihisi, ingawa sisi wahariri bado hatujaafikiana kuhusu istilahi hiyo.

Mfano ulio karibu na wakazi wa Manda ni maji. Kisiwa hakina mto, na kuingia kwa chumvi katika visima ni miongoni mwa sababu zinazotajwa za kuhamwa kwa mji wa Takwa katika karne ya 17. Huko Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia katika kaunti hiyo hiyo, shirika la GivePower la Marekani lilianzisha mwaka 2018 mtambo wa kuondoa chumvi katika maji kwa nguvu za jua.

Maji ya bahari yakisafishwa kwa njia ya utando, pampu huyasukuma kwa presha inayoweza kupita mara 50 ya ile ya hewa, yakapenya katika utando unaozuia chumvi. Presha ikipungua, maji hayapiti. Ikizidi, utando huharibika. Jua nalo halitulii: wingu moja likipita, umeme hupungua. Kwa hiyo vihisi hupima bila kukoma, kompyuta ndogo huamua, na vali pamoja na mota hutekeleza. Fundi wa mabomba anaijua pampu, fundi wa umeme anazijua nyaya, na mtaalamu wa kompyuta anaijua programu. Hitilafu inayowashinda mara nyingi huwa imejificha katikati ya kazi zao watatu, na hapo ndipo mhandisi wa mekatroniki huhitajika.

Nchini Kenya, shahada hii hutolewa kwa miaka mitano katika vyuo vikuu kama kile cha Jomo Kenyatta (JKUAT) huko Juja na cha Dedan Kimathi mjini Nyeri. Kwa anayetaka kubaki Pwani, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichopata hati mwaka 2013, hufundisha uhandisi wa mitambo na wa umeme, fani mbili zinazoizaa mekatroniki.

Miaka ya mwanzo ni ya hisabati, fizikia, uchoraji wa kihandisi na kazi za karakana. Wengi huteleza wanapofikia somo la udhibiti lenyewe, kwa sababu mashine hutoweka na kubaki milinganyo. Mwanafunzi hutakiwa kuthibitisha kwa hesabu, kabla ya kugusa chuma chochote, kwamba mkono wa roboti utatulia unapotakiwa badala ya kutikisika hadi uvunjike. Hesabu alizoziacha Mfaransa Laplace ndizo hutumika hapo. Asiyeipenda kalkulasi atateseka, hata awe bingwa wa kufungua redio na kuzirudishia.

Suala hili linaigusa Lamu moja kwa moja. Gati la kwanza la Bandari ya Lamu, iliyoko Kililana upande wa bara katika Ghuba ya Manda, lilifunguliwa Mei 20, 2021. Magati matatu ya kwanza yana urefu wa mita 400 kila moja. Kazi nzito si ngeni katika maji haya: mwanaakiolojia Neville Chittick alichimbua Manda kuta za bahari zilizojengwa kwa vipande vya matumbawe, vingine vikifikia uzito wa tani moja. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni kwa kuathiriwa na ujenzi wa bandari. Watoto wao wakikosa ujuzi wa kuitunza mitambo ya bandari hiyo, watabaki wakiitazama kutoka ng'ambo.

Mlango wa kozi hii hufungwa mapema kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Chini ya mfumo wa 8-4-4, ambao KCSE yake ya mwisho imepangwa kufanywa mwaka 2027, aliyeiacha fizikia mwishoni mwa Kidato cha Pili alijitoa katika uhandisi bila kujua. Katika mtaala mpya, uliopokea wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 mwaka 2026, uamuzi hufanywa katika Gredi ya 9, mtoto anapochagua mkondo wa masomo. Mzazi na aulize mapema iwapo shule anayopelekwa mwanawe ina mwalimu wa fizikia na maabara inayotumika.

Kabla ya kulipa karo, mwombaji ahakikishe pia kuwa kozi ya chuo anachokitaka inatambuliwa na Bodi ya Wahandisi wa Kenya, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011. Anayehitimu husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, na huhitaji tajriba ya angalau miaka mitatu kabla ya kuomba usajili wa mhandisi mtaalamu.